Tokeni Iliyozaliwa Ikiwa Imekwisha Kufa

Nilipoandika skripti ya Python ya kuchukua bei kutoka seva ya muuzaji wa jumla, kwa ajili ya duka la dawa la shemeji yangu katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, sehemu niliyoiogopa haikunisumbua. Unatuma ufunguo wa siri, seva inakurudishia tokeni, yaani kibali cha muda, nayo unaiweka kwenye kichwa cha Authorization, ikitanguliwa na neno Bearer na nafasi moja, katika kila ombi unalolituma kwa maktaba ya requests.

Balaa lilianza kesho yake, seva iliponijibu 429, yaani nimeomba mara nyingi kupita kiasi. Ingekuwa 401 ningeikagua tokeni, na ingekuwa 403 ningeuliza habari za ruhusa. Lakini dawa zenyewe hazikufika hata mia mbili! Jioni, umeme uliporudi, niliongeza mstari wa kuchapisha saa kila tokeni mpya inapoombwa, ndipo nikaona kwamba skripti ilikuwa ikiomba tokeni nyingine kabla ya kila dawa.

Kosa lilikuwa langu. Seva ilitaja muda wa tokeni kuisha kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, nami niliulinganisha na datetime.now(), ambayo husoma saa ya kompyuta. Lubumbashi tuko mbele ya UTC kwa saa mbili, na tokeni ile ilidumu sekunde 3600 tu. Kwa hiyo, kwa hesabu ya skripti yangu, kila tokeni ilikuwa imekufa saa moja kabla ya kuzaliwa. Python ilinionya tangu mwanzo kwa kukataa kulinganisha nyakati hizo mbili, kwa kuwa mmoja ulikuwa na ukanda wa saa na mwingine haukuwa nao, ila mimi kwa haraka zangu niliuondoa ukanda wa saa ili kosa lininyamazie.

Tumia datetime.now(timezone.utc). Afadhali zaidi, seva ikikupa expires_in, yaani sekunde ambazo tokeni itadumu, jumlisha sekunde hizo na time.time() ya wakati ulipoomba, kisha punguza dakika moja, kwa kuwa mtandao wetu unaweza kulichelewesha ombi hadi tokeni iishie njiani.

Ufunguo wenyewe uweke kwenye vigeu vya mazingira, yaani thamani zinazohifadhiwa nje ya skripti, usiuandike ndani ya msimbo. Tena usisahau timeout, yaani kikomo cha muda wa kusubiri: usipoitaja, requests husubiri jibu bila kikomo, na mimi niliwahi kuikuta skripti asubuhi ingali inasubiri jibu la ombi la jana usiku.