Msiba hauna chama: ushauri kwa anayerudi Pemba

Baada ya uchaguzi wa 1995, ndugu wa tumbo moja visiwani Zanzibar walisusiana. Mtu wa CCM, chama tawala, hakwenda kwenye msiba wa CUF, chama cha upinzani wakati huo, na wa CUF hakumswalia wa CCM. Arusi zikakosa watu, na hata duka la kununulia unga likachaguliwa kwa chama. Maridhiano ya vyama hivyo ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya 31 Julai 2010, iliyokubali serikali ya umoja, viliwarudisha wengi kwenye mkeka mmoja. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, kidonda kikatoneka. Kwa hiyo ukirudi Pemba kutoka Dar au Muscat, usidhani yamekwisha kwa sababu watu wanaamkiana njiani.

Msibani ndipo yanapopimwa. Ukisikia nani kafariki, nenda. Usipige simu kwanza kuuliza nani mwengine atakwenda, maana suala hilo hilo hufika msibani kabla yako. Kofia, fulana na kanga za chama ziache nyumbani, hata kama kanga hiyo ndiyo safi uliyonayo. Wanawake ndio wanaoumizwa zaidi na jambo hili, kwa kuwa huko ndani hukaa pamoja siku nzima na kanga inasomwa.

Maziko ya kwetu hayangoji, huenda ukafika watu washarudi makaburini. Hujachelewa. Taazia ni siku tatu, na mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mwanamke mwenye ugomvi na wifi yake hapati nafasi bora kuliko hii. Aende mchana, akae nusu saa, asitaje uchaguzi wala asiombe kusamehewa siku hiyo. Arudi tena wiki ya pili, maana ziara ya pili ndiyo inayoaminiwa. Mchango mpe anayeshika daftari la msiba, mkononi, bila kutangazwa.

Khitma, kisomo cha kumwombea marehemu, ndiyo huharibika mara nyingi, na kinachoiharibu ni kipaza sauti. Kiongozi anakuja, anakaa kama wengine, na hapo hakuna ubaya. Halafu mtu anasema, “Mheshimiwa aseme mawili matatu.” Yakishasemwa, upande mmoja unainuka kabla ya chakula. Kubalianeni usiku wa kuamkia khitma: msemaji ni mmoja, wa ukoo, dakika tano, ashukuru na aeleze anayemdai marehemu amwendee nani. Huyo achaguliwe ami au mjomba ambaye pande zote mbili zinamwita kwa heshima, si mwenye sauti kubwa. Jibu la kumpa mgeni liwe tayari: “Tunakushukuru, Mheshimiwa, dua yako inatutosha.” Mchele wa mgombea uandikwe daftarini kama wa jirani.

Kundi la simu la msiba liwe mbali na lile la ukoo, na lifungwe khitma ikimalizika.

Na kama aliyesusa miaka yote akatokea siku ya maziko, kuna mahali pake. Jeneza huenda kwa kupokezana, kila mtu hatua chache kisha anampa wa nyuma. Akikaribia, mpishe bega lako hapo hapo, bila neno. Kaburini kila mmoja anatia udongo mara tatu kwa mkono, naye mwache asogee mbele atie wake.