Kobe mchanga akilegea, anza na joto

Kobe wetu wa kwanza alitufia siku ya kumi na moja. Alikuwa mdogo wa kuenea kwenye kiganja cha mtoto wa miaka sita, na siku mbili za mwanzo alikula matango na kukatiza sebule kama mwenye safari yake. Siku ya tatu akaanza kulala sana. Siku ya sita hafungui macho mpaka umguse. Mimi nikazidi kumkatia matango, tena membamba kama karatasi, nikidhani tatizo ni njaa. Mama yangu alikuwa amekuja kututazama kutoka Unguja. Akasema, "Mwanangu, huyu ana baridi. Mtoe nje aote jua."

Mama alisema kweli. Kosa ni namna nilivyomtoa. Nilimtia kwenye tangi la kioo la samaki, nikaliweka roshani, mwezi wa sita, saa nne asubuhi, kisha nikaingia ndani kupokea simu. Jua la Maskati wakati ule likipiga kioo, ndani yake panageuka tanuri kwa dakika chache. Niliporudi alikuwa ameshakwenda.

Nimeanza na hilo ili wewe uliyehamia huku Ghuba karibuni, na mwanao ameshakuvuta mpaka soko la wanyama mkarudi na kobe kwenye boksi, usipitie nilikopitia.

Kwanza mjue uliyenaye. Kobe wadogo wanaouzwa sana huku ni sulcata, kobe wa ukingo wa kusini wa Sahara, kuanzia Senegal mpaka Sudan na Ethiopia. Si wale wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, tuliokwenda kuwalisha majani tukiwa skuli; wale asili yao ni Aldabra, visiwa vya Shelisheli. Sulcata ni wa tatu kwa ukubwa duniani kati ya kobe wa nchi kavu, lakini akitoka yaini ana gramu thelathini na kitu tu, na uhai wake wote unategemea joto analopewa na mahali alipo. Mwili wake hautengenezi joto la kumtosha kama wetu. Kusaga chakula, kupigana na maradhi, hata kunyanyua shingo, vyote vinataka apashwe joto kwanza.

Kwetu hakuna anayeliwaza hilo. Kobe yuko uani, jua linafanya kazi, jioni anajichimbia. Huku tunaishi ghorofani, kiyoyozi kinanguruma usiku na mchana, sakafu ni marumaru. Nilipokuja kununua kipimajoto nikakiweka chini pale alipokuwa akilala marehemu, kilisoma 20. Ukutani, kwenye swichi ya kiyoyozi, palionesha 24. Hewa baridi hushuka, na kobe anaishi huko huko inakoshukia.

Kwa hiyo kobe mchanga akizubaa, usikimbilie chakula. Tumbo likiwa baridi chakula hakisagiki, kinakaa na kuchacha. Matango yangu yote yale yalikuwa yanamwongezea mzigo.

Wa pili tulimchukua baada ya miezi mitano, safari hii kila kitu kikiwa tayari. Hata hivyo wiki ya tatu tulikaribia kumpoteza. Walikuja wageni, joto likawashinda, wakateremsha kiyoyozi mpaka 18, na mmoja akachomoa waya wa hita ya kobe apate pa kuchajia simu. Alfajiri mwanangu akaja chumbani.

"Mama, kobe hataki kuamka."

Miguu ya nyuma ilikuwa nje ya gamba, inaning'inia. Kobe mzima ukimgusa mguu anauvuta ndani, huyu hakuuvuta. Nikamweka kwenye mzani wa jikoni: gramu 41, na wiki iliyotangulia alikuwa 46.

Nilichofanya ndicho ninachokushauri. Nilirudisha joto la chumba kwanza, bila pupa. Usitumie mashine ya kukaushia nywele, wala usimweke juu ya chupa ya maji ya moto. Ngozi yake inaungua naye hana nguvu ya kujisogeza. Baada ya nusu saa nikachukua beseni bapa, nikatia maji ya vuguvugu ya nyuzi 30, kwa kipimajoto kile cha maji ya kuogeshea watoto. Kina cha maji kiishie chini ya kidevu chake. Kama hawezi kunyanyua kichwa, usimwache hata sekunde moja: mimi nilimwegesha kidevu kwenye kidole changu, na maji yakipoa mwanangu anaongeza kikombe kingine.

Dakika kumi na mbili hakuna kitu. Halafu koo likaanza kucheza, taratibu, kama mtu anayemeza dawa chungu. Alikuwa anakunywa. Baadaye akakojoa, na pamoja na mkojo ukatoka uji mweupe wenye chembechembe kama chumvi. Uangalie vizuri uji huo siku zote. Ukiwa laini kama dawa ya meno, maji mwilini yanamtosha. Ukiwa na changarawe, amekaukiwa. Wetu alikuwa amekaukiwa, na mimi nilijua ana sahani ya maji. Kumbe sahani haitoshi. Kobe mchanga aogeshwe hivyo kila siku dakika kumi na tano mpaka ishirini, miezi yake ya mwanzo yote.

Chakula nilimpa kesho yake, alipokwenda mwenyewe chini ya taa yake ya joto na kufungua macho. Usimlazimishe kwa kumpanua mdomo. Kazi hiyo, ikibidi, ni ya daktari.

Kuhusu daktari, nenda mapema, na umtafute anayetibu wanyama watambaao, kwa sababu wengi wamezoea paka, mbuzi na ngamia. Ukiona mapovu puani, au anahema mdomo wazi huku amenyoosha shingo, usingoje asubuhi: ni mapafu, na kobe hana uwezo wa kukohoa kama sisi akayasafisha. Vivyo hivyo macho yakivimba, au gamba likizidi kuwa laini badala ya kukomaa, au uzito ukishuka wiki mbili mfululizo ilhali joto na maji viko sawa. Na hili tafadhali lishike: dawa ya minyoo iitwayo ivermectin, ambayo kwetu kila mfugaji wa mbuzi anayo, kwa kobe ni sumu. Inaweza kumpoozesha na kumwua. Akipendekeza mtu yeyote, hata aliyevaa koti jeupe, kataa. Sindano ya vitamini A nayo si ya kujaribia. Ikizidi, ngozi inachubuka vipande vipande. Hata dawa sahihi haifanyi kazi vizuri kwa kobe mwenye baridi, kwa hiyo matibabu hayakuondolei kazi ya joto.

Sasa makazi yenyewe. Sehemu moja iwe na taa ya kuotea yenye nyuzi 33 hadi 35 pale chini anaposimama, na upande wa pili uwe karibu 26 ili achague mwenyewe. Usiku pasishuke chini ya 24. Weka hita ya kauri isiyotoa mwanga, iunganishwe na kidhibiti joto, na plagi yake ifunge kwa utepe ulioandikwa USICHOMOE. Wetu bado una utepe huo. Halafu kuna taa ya UVB, ambayo wengi wanaichanganya na taa ya joto. Hii inatoa miale ya urujuanimno anayoihitaji kutengeneza vitamini D3. Bila hiyo kalisi haishiki kwenye mifupa wala gamba. Nunua ile ndefu ya mirija, iwake kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku, na ibadilishe kila mwaka hata kama bado inang'aa, maana miale huisha kabla ya mwanga. Dirisha halisaidii. Kioo cha kawaida kinazuia karibu UVB yote, ingawa jua unaliona limejaa chumbani.

Jua la kweli linashinda taa zote, nami simnyimi. Ila ni kabla ya saa mbili asubuhi wakati wa kiangazi, kwenye trei ya wazi ambayo nusu yake imefunikwa, nami nimekaa pembeni. Simu naiacha ndani.

Jambo lililonishangaza ni unyevu. Kwa kuwa ni mnyama wa Sahel, yaani ule ukingo mkavu wa Sahara, nilimwekea mchanga mkavu. Lakini kobe mchanga porini anashinda kwenye mashimo na chini ya majani, kwenye unyevunyevu. Mwaka 2003 watafiti wa Vienna, Wiesner na Iben, walilea sulcata wachanga katika hali tofauti, wakakuta hewa kavu ndiyo inayochangia zaidi gamba kuota vilima vilima, kuliko protini iliyokuwa ikilaumiwa. Mchanga nao wakiumeza unaziba matumbo. Siku hizi natandika makumbi ya nazi yaliyosagwa, yanauzwa madukani yakiwa yameshindiliwa kama tofali. Nayalowanisha kwa maji ya vuguvugu kila asubuhi. Harufu yake inanikumbusha Bwejuu, kinamama wakifukua makumbi pwani.

Chakula ni majani na nyasi, basi. Jirjir ya sokoni (yale majani ya saladi yenye ukali), majani ya mforosadi, majani na maua ya hibiskasi, mpungate uliotolewa miiba, nyasi laini. Unga wa kalisi kidogo juu yake, au kipande cha mfupa wa dome akitafune mwenyewe. Mchicha usiwe wa kila siku kwa sababu unaikamata kalisi. Matango ni maji matupu. Na tende, ndugu yangu, najua katika nyumba za huku tende haikosekani na mgeni hapiti bila kumwonjesha kobe: mkataze. Sukari inamvuruga tumbo siku kadhaa.

Usije ukaogopa kila usingizi. Kobe mchanga analala sana, na huo si ugonjwa. Tofauti utaiona anapoamka: mzima akiwa na joto lake macho yanang'aa, anajinyanyua kwa miguu minne, tumbo halibururi. Mgonjwa unampasha, unamwogesha, naye bado yuko vilevile. Mimi huandika uzito kila Ijumaa kwenye daftari, na daftari hilo ndilo daktari aliloomba kabla hata hajamgusa kobe mwenyewe.

Mtoto aoshe mikono kwa sabuni kila akimshika, maana kobe hubeba salmonela bila kuugua. Na muuzaji umdai karatasi. Sulcata yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ukirudi likizo Tanzania au Kenya, usishawishike kuokota wa porini ukamletea mwenzake. Bila kibali ni kosa la jinai, na ukiwaweka wawili pamoja mmoja humwonea mwenziwe mpaka anyong'onyee. Nimeona mara nyingi kobe "mgonjwa" akipona kwa kutenganishwa tu.

Wetu sasa ni mwaka wa nne, ana kilo sita, sebule ilishamshinda. Yuko kwenye ua wa shemeji yangu kule Barka, kwenye shamba la mitende. Amechimba shimo chini ya ukuta linaloingia mkono wangu wote mpaka begani, na saa za joto haonekani. Alhamisi jioni tukifika, mwanangu anapiga goti mdomoni mwa shimo na jani la mforosadi, anamsubiri.