Maswali ya Wasomaji: Kozi za Onazi na Usajili Wake katika Vyuo Vikuu vya Marekani

SWALI: Shikamoo mshauri. Nimepata nafasi katika chuo kikuu cha jimbo nchini Marekani, na pamoja na barua ya kukubaliwa nimealikwa kujiunga na programu ya onazi. Katika orodha ya kozi naona sehemu za onazi, semina za onazi na kitu kinachoitwa mkataba wa onazi. Mimi nilizoea kusikia kwamba onazi ni daraja la shahada, si kozi. Haya yote ni nini, na nichague lipi? — Msomaji wa mwaka wa kwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera. Ulilozoea kusikia si kosa, ila linatoka katika mfumo mwingine. Katika vyuo vilivyorithi utaratibu wa Uingereza, onazi ni daraja la ufaulu: mwanafunzi anahitimu kwa daraja la kwanza, la pili la juu, la pili la chini au la tatu, kulingana na alama zake. Wamarekani walilichukua neno hilohilo wakalipa kazi tofauti. Kwao programu ya onazi ni njia ya kusoma ndani ya shahada ya kawaida, ambapo mwanafunzi anayeonekana kuwa na uwezo hupewa madarasa madogo, mijadala mingi zaidi na, mara nyingi, utafiti wake mwenyewe mwishoni. (Tafadhali usiite hii “shahada ya heshima”, kwa sababu shahada ya heshima ni ile anayotunukiwa mtu mashuhuri bila kukaa darasani hata siku moja.)

Mtu anayetajwa sana katika historia ya jambo hili ni Frank Aydelotte, Mmarekani aliyesoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, akawa rais wa chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, mwaka 1921. Mwaka uliofuata alianzisha utaratibu ambao wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho waliochagua njia hiyo walisoma katika semina ndogo badala ya madarasa ya kawaida, na mwishoni walitahiniwa kwa maandishi na kwa mdomo na watahini waliotoka nje ya chuo. Baadaye vyuo vikubwa vya majimbo, vilivyokuwa na wanafunzi maelfu kwa maelfu, vilianzisha programu zao ili mwanafunzi asipotee katika umati. Orodha uliyoifungua ina asili yake huko.

Tuje kwenye yale uliyoyaona. Sehemu ya onazi ni kozi ileile inayofundishwa kwa wanafunzi wengine, tuseme Utangulizi wa Saikolojia, lakini darasa lake limetengwa, mara nyingi likiwa na watu wasiozidi 20 au 25, na mhadhiri anatarajia usomaji wa kina zaidi. Semina ya onazi, kwa upande wake, haina pacha wa kawaida. Ni kozi iliyobuniwa kwa ajili ya programu hiyo tu, na mara nyingi huunganisha taaluma mbili au tatu juu ya mada moja. Mkataba wa onazi ni makubaliano ya maandishi kati yako na mhadhiri wa kozi ya kawaida kwamba utafanya kazi ya ziada, kama vile insha ya utafiti au jaribio la maabara la kujitegemea, na ukiikamilisha kwa kiwango kilichowekwa kozi hiyo inahesabiwa kuwa ya onazi katika rekodi yako. Vipo vyuo vinavyomruhusu pia mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuhesabu kozi ya uzamili, utafiti chini ya profesa, au muhula wa kusoma nje ya nchi.

Sasa nichague lipi, umeuliza. Usianze na jina la kozi wala sifa za mhadhiri. Anza na mpango wa shahada yako, kisha itafute kozi ya onazi inayojibu mahitaji mawili kwa wakati mmoja: hitaji la programu, na hitaji la shahada ambalo ungelazimika kulitimiza hata hivyo. Shahada nyingi za kwanza za Marekani zinahitaji krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 120, yaani wastani wa 15 kwa muhula katika mihula minane. Programu yako ikitaka krediti 21 za onazi, nawe ukazichukua zote katika mada zilizokuvutia lakini hazihesabiki popote kwenye mpango wako, utakuwa umejiongezea kozi saba za krediti tatu tatu, ambazo ni muhula mzima na zaidi, pamoja na ada yake. Krediti zilezile zikitoka katika sehemu za onazi za uandishi, historia, hisabati na sayansi ya jamii, masomo ambayo chuo kinakudai kama elimu ya jumla, hutaongeza hata moja. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ungejaza sehemu za onazi za masomo ya lazima, semina ukaiweka moja, na mkataba ukauacha hadi utakapofika kozi za juu za fani yako.

Mkataba nausogeza mbele kwa makusudi. Ukifungwa na mhadhiri mwenye wanafunzi 300 ambaye hamjawahi kuzungumza, huishia kuwa kurasa kumi za ziada ambazo hakuna anayezisoma kwa makini. Ukifungwa mwaka wa tatu, katika kozi ya wanafunzi 30, na mtu anayefanya utafiti katika jambo unalolipenda, unaweza kuwa mlango wa tasnifu yako. Fomu yake huwa na tarehe ya mwisho iliyo mapema sana, mara nyingi ndani ya wiki chache za kwanza za muhula, na huhitaji saini ya mhadhiri, kwa hiyo mazungumzo yaanze kabla darasa halijaanza. Ukishindwa kukamilisha kazi ya mkataba, kwa kawaida alama ya kozi yenyewe haiguswi. Unachokosa ni ile hesabu ya onazi.

SWALI: Mshauri, usajili wa onazi ulifunguliwa asubuhi nami nikawa wa kwanza kuingia. Mfumo ulinikatalia sehemu ya onazi ya kemia ingawa nafasi zilionekana zipo. Nimejaribu mara nne. Je, kuna namna? — Msomaji wa mwaka wa pili

JIBU: Ipo, lakini kujaribu mara ya tano si mojawapo. Mfumo wa usajili haukatai bila sababu, na mara nyingi sababu hiyo imeandikwa katika ujumbe mfupi ambao wengi wetu huufunga kabla ya kuusoma. Rudi ukausome, kwa kuwa ujumbe unaotaja kozi ya awali, ujumbe unaotaja ruhusa na ujumbe unaotaja kizuizi hupelekwa katika ofisi tatu tofauti.

Kwa kemia ningeanza na jambo ambalo halionekani kwa urahisi. Kozi za sayansi zenye maabara huwa zimefungamanishwa: mhadhara wa onazi una namba yake, maabara ina namba yake, na mfumo haukubali moja bila nyingine. Huenda nafasi ulizoziona ni za mhadhara, wakati maabara iliyofungamana nao imejaa au inagongana na kozi nyingine kwenye ratiba yako. Weka namba zote mbili pamoja kwa mara moja, kisha utazame kama bado unakataliwa.

Kama tatizo ni kozi ya awali, yaani ulisoma kemia ya kwanza katika chuo kingine au ulipewa krediti kwa mtihani wa sekondari na rekodi haijaingizwa, anayeweza kukufungulia ni idara ya kemia. Kama ni ruhusa ya onazi, basi jina lako halijawekewa alama ya uanachama wa programu, na hilo hurekebishwa na ofisi ya onazi. Kama ni kizuizi, hata ungekuwa mwanafunzi bora wa chuo kizima hutasajili chochote mpaka ukiondoe: deni la ada, rekodi ya chanjo ambayo haijawasilishwa, au mshauri wa masomo ambaye hujakutana naye muhula huu. Vizuizi huonekana kwenye akaunti yako siku nyingi kabla ya usajili kufunguliwa, na fadhila ya kusajili mapema, ambayo kwa maoni yangu ndiyo faida kubwa kuliko zote za programu hizi, hupotea bure kwa mtu anayekuja kuvigundua siku yenyewe.

Wakati unashughulikia hayo, jiandikishe katika sehemu ya kawaida ya kemia ili usibaki mikono mitupu, na ikiwezekana uingie katika orodha ya kusubiri ya sehemu ya onazi. Hakikisha tu kwamba mfumo wenu unaruhusu yote mawili kwa pamoja, maana kuna mifumo inayomruka mwanafunzi kwenye orodha ya kusubiri kwa sababu tayari yumo katika sehemu nyingine ya kozi hiyohiyo.

SWALI: Niko hapa Marekani kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni. Muhula huu nina krediti 14, nne zikiwa za kozi ya onazi ya hisabati inayonielemea. Mwenzangu ananiambia niiache tu, nitapata W (alama ya kujiondoa katika kozi) na maisha yataendelea. Nifanyeje? — Msomaji mwenye wasiwasi

JIBU: Ndugu yangu, usiiache leo. Kwa mwenzako, ambaye pengine ni raia, alama ya W ni alama tu kwenye rekodi. Kwako wewe, 14 ukitoa 4 inabaki 10, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye viza ya F-1 anatakiwa kuwa na angalau krediti 12 katika muhula wa kawaida. Kushuka chini ya hapo bila idhini ni kuvunja masharti ya ukaazi wako, na idhini hiyo hutolewa na afisa wa wanafunzi wa kigeni kabla hujaacha kozi. Ikishatokea, kumwendea baadaye na maelezo mazuri hakurudishi hali ilivyokuwa.

Sheria inatambua sababu chache za kimasomo, na mojawapo ni kuwekwa katika kozi ya kiwango kisichokufaa, jambo ambalo linaweza kukuhusu. Nyingine ni ugumu wa mwanzoni wa lugha ya Kiingereza au wa usomaji unaotakiwa, na ugeni wa mbinu za ufundishaji za Marekani. Hata ukikubaliwa, ni lazima ubaki na angalau nusu ya mzigo kamili, na muhula unaofuata urudi kwenye mzigo kamili. Tena ruhusa ya aina hii haitolewi mara ya pili katika ngazi hiyohiyo ya masomo. Ugonjwa uliothibitishwa na daktari una utaratibu wake tofauti.

Kabla ya kufika huko, muulize mhadhiri na ofisi ya onazi kama unaweza kuhamishwa kwenda sehemu ya kawaida ya kozi hiyohiyo. Vyuo kadhaa huruhusu uhamisho wa namna hii hata baada ya wiki za mwanzo, kwa kuwa mada ni zilezile, na krediti zako zitabaki 14. Ukifikiria kuziba pengo kwa kozi ya mtandaoni inayoanza katikati ya muhula, kumbuka kwamba katika zile 12, kozi moja tu ya mtandaoni, au krediti tatu, ndiyo inayohesabiwa kwa muhula.

SWALI: Binti yangu amealikwa katika chuo cha onazi ambacho kinatoza ada ya ziada kila muhula. Nasikia pia kozi hizo hushusha GPA, yaani wastani wa alama. Je, inafaa? — Mzazi

JIBU: Mzazi mwenzangu, la ada ni la kuuliza chuo chenyewe, kwa maana vipo visivyotoza chochote na vipo vinavyotoza kiasi cha kuumiza. Uliza pia kama ada hiyo hupunguzwa kwa mwenye uhitaji. Kuhusu alama, shule nyingi za sekondari za Marekani huongeza uzito wa alama za onazi, lakini vyuo vikuu kwa kawaida havifanyi hivyo. B ya onazi na B ya kawaida huingia sawa kwenye hesabu. Programu nyingi hudai mwanafunzi abaki na wastani wa karibu 3.3 hadi 3.5 kati ya 4.0 ili aendelee kuwa mwanachama. Kama ufadhili wa binti yako nao umefungwa na wastani fulani, aanze na kozi moja ya onazi katika somo analolimudu, apime, kisha aamue juu ya muhula wa pili.

SWALI: Nimehamia chuo kikuu kutoka chuo cha jamii (chuo cha miaka miwili) nikiwa mwaka wa tatu. Je, nimechelewa kwa onazi? — Msomaji aliyehamia

JIBU: Kwa programu ya chuo kizima, huenda umechelewa kidogo, ingawa nyingi zina mlango wa wanaohamia na hupunguza krediti zinazotakiwa. Kwa onazi ya idara hujachelewa. Hii ni njia tofauti inayosimamiwa na idara ya fani yako, na kwa kawaida huanza mwaka wa tatu: kozi moja au mbili za juu, kisha tasnifu. Wala usiichanganye na maneno ya Kilatini yanayosomwa kwenye mahafali, kama cum laude, ambayo katika vyuo vingi hutegemea wastani tu na huweza kupewa hata mtu ambaye hakugusa kozi ya onazi.

Ugumu wako utakuwa kalenda. Tasnifu mara nyingi husajiliwa kama kozi mbili katika mihula miwili inayofuatana, na tofauti na kozi nyingine, hutaikuta wazi kwenye mfumo. Msajili huifungua baada ya kupokea fomu yenye jina la msimamizi, muhtasari wa mada na saini ya idara. Ukitaka kuhitimu mwezi wa Mei mwakani, sehemu ya kwanza ya tasnifu inakaa katika muhula wa vuli, unaoanza Agosti au Septemba, na usajili wa vuli kwa wanafunzi wanaoendelea katika vyuo vingi hufunguliwa Machi au Aprili. Utafiti wako ukihusisha kuhoji watu, utahitaji pia kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, ambacho huweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo msimamizi mtafute muhula huu, na umwendee ukiwa na ukurasa mmoja wa mada, kwa sababu profesa anayeombwa mwezi Februari bado ana nafasi, na anayeombwa mwezi Agosti ameshawachukua wengine.