Bendi ya L inaiba mwanga wa C? Majibu ya maswali yenu kuhusu faiba

Safari hii maswali karibu yote ni ya faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga, kutoka Mtwara, Masasi, Nachingwea na Lindi. Nimeyafupisha kidogo.

Shikamoo mwalimu. Nasoma umeme hapa Mtwara mjini. Nasikia uzi mmoja wa faiba unabeba bendi ya C na bendi ya L. Si mwanga ni mwanga tu?

Marahaba mwanangu. Ni mwanga, ila si huu wa kuonekana kwa macho. Bendi ni kundi la mawimbi ya mwanga yanayopakana. Bendi ya C ni ya mawimbi yenye urefu wa nanomita 1530 hadi 1565, na L inapokea hapo mpaka 1625. Maeneo hayo ndiyo ambayo kioo kinakula mwanga kidogo, kama desibeli 0.2 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu) kwa kilomita, na ndiyo ambayo amplifaya za erbiamu, yaani vikuza mwanga vyenye madini hayo, zinafanya kazi. Kwenye C peke yake zinapangwa chaneli 80 hadi 96, kila moja na leza yake. Ikijaa, unaongeza L kwenye uzi uleule badala ya kuchimba mtaro mpya kutoka Dar. Aliyeona mvua zilivyoikata barabara pale Somanga mwaka 2024 anajua mtaro wa ziada si jambo la kusema kirahisi.

Njia yetu ni ndefu. Kwa nini tusiongeze nguvu kwa kila chaneli tumalize kazi? Fundi, Masasi.

Kaka, huo ndio ugonjwa wa mafundi wengi: kitu kikizingua, ongeza nguvu. Chaneli dhaifu inamezwa na kelele za amplifaya, yaani mwanga wa ziada usiobeba taarifa, sawa. Lakini ikizidi ukali, kioo chenyewe kinaanza kuivuruga, na jirani zake wanavurugika nayo. Kiwango kinachofaa kiko katikati, mara nyingi si mbali na miliwati moja kwa chaneli.

Shida ni kwamba erbiamu haikuzi mawimbi yote sawasawa; ina kilele karibu na nanomita 1530. Ndani ya amplifaya huwekwa kichujio cha kukata kilele hicho, lakini hakuna kichujio kinachosawazisha kila kitu. Kinachobaki kinajilimbikiza. Piga hesabu: Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 560. Tuseme kuna amplifaya kila kilomita 80, hivyo vipande 7. Kila kipande kikiacha tofauti ya desibeli 1 tu kati ya chaneli ya kwanza na ya mwisho, Mtwara mnapokea tofauti ya desibeli 7. Yaani chaneli moja ina nguvu mara tano ya mwenzake! Ukiongeza nguvu kwa zote hapo, ile kali nayo inapanda, na pengo linabaki palepale.

Mwalimu, tulipowasha L, chaneli za C zikashuka na hakuna aliyegusa kitu. L inaiba? Fundi mitambo, Lindi.

Inaiba kweli, na wizi wenyewe una jina: Raman, mwanafizikia wa India aliyeuona mwaka 1928 na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1930. Mwanga ukigonga molekuli zinazotetemeka huacha humo sehemu ya nishati yake, ukatoka na wimbi refu zaidi. Ndani ya faiba yenye chaneli nyingi kali, wimbi refu linachochea jambo hilo litokee kwa faida yake. Ni sinia moja la pilau: mwenye mkono mrefu anachota upande wa wenzake.

Wizi unakuwa mkubwa zaidi pengo kati ya mawimbi mawili likikaribia terahezi 13 (kipimo cha kasi ya mtetemo wa mwanga), ambalo huku kwetu ni karibu nanomita 100. Sasa tazama: kutoka 1530 hadi 1625 ni 95. Kwa hiyo mwanzo wa C ndio unaonyonywa zaidi, na mwisho wa L ndio unaonenepa. Na mwingi unafanyika kama kilomita 20 za mwanzo, mwanga ukiwa bado na nguvu. Baada ya hapo kioo kimeshaupunguza.

Hutauzuia, unajipanga nao. C na L zinapewa amplifaya tofauti, na mwanga unaingizwa ukiwa umeinamishwa makusudi: mawimbi mafupi juu, marefu chini, ili mwisho wa kipande yawe yamelingana. Marekebisho ya chaneli mojamoja yanafanywa na swichi ya kuchagua mawimbi, kifaa kinachopunguza kila wimbi peke yake. Anza upande wa kutuma, kipande baada ya kipande. Ukianzia mwishoni utarudia kila kitu. Na mimi huku mwisho sisawazishi nguvu tupu, nasawazisha uwiano wa ishara na kelele. Chaneli mbili zenye nguvu sawa zinaweza kuwa na kelele tofauti kabisa.

Uzi wa Masasi ukikatika, mbona wa Mtwara nao wanaweza kuyumba? Msomaji, Nachingwea.

Tuseme chaneli za Masasi na za Mtwara zinakutana Mingoyo na kwenda Dar pamoja. Za Masasi zikipotea ghafla na zilikuwa C, zile za L kutoka Mtwara zimekosa wa kumnyonya, zinashuka. Zikiwa ni L ndizo zilizopotea, za C zinapanda. Dawa ni kujaza nafasi tupu kwa mwanga wa kelele usiobeba taarifa, ili njia ionekane imejaa muda wote.

Intaneti ya nyumbani hapa Lindi ina taa nyekundu ya LOS. Ndiyo hayo ya C na L?

Hapana dada. LOS maana yake kifaa hakipati mwanga. Faiba ya nyumbani kwa kawaida inashuka kwa nanomita 1490 na kupanda kwa 1310. Hakuna amplifaya za bendi hapo. Fundi apime kwa pawa mita, kifaa cha kupima nguvu ya mwanga. Kwa vifaa vingi vya majumbani, chini ya desibeli-miliwati hasi 27 ni tatizo. Angalia kama waya umekunjwa kwa nguvu nyuma ya kabati, kisha fundi asafishe kichwa cha waya kabla hajabadilisha kifaa chochote. Na msichungulie tundu la waya kwa jicho. Mwanga huo hauonekani, lakini upo.