Kazi ya kupima bei dukani kwa kujifanya mteja: je, pesa yake ni halali?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullah, sheikh. Naishi Majengo hapa Moshi, nina miaka 26. Kuna kampuni inanilipa nipite madukani kama mteja wa kawaida niwaletee bei: sukari, ndoo za mafuta, sabuni, unga, vitu kama arobaini hivi. Nalipwa kwa kila fomu, nauli ni juu yangu. Sharti lao kubwa ni nisijulikane. Mbuyuni sipati shida, kule kila mtu anauliza bei. Tabu iko supamaketi na maduka ya jumla. Nakariri bei sita saba, naenda kusimama nyuma ya rafu ya pampasi, naziandika kwenye simu kama vile nachati, narudi tena. Arusha mlinzi mmoja alininyang'anya simu akafuta picha mbele ya watu.

Wakituuliza tunanunulia nini, tumeelekezwa tuseme tunafungua duka. Nikamwambia hivyo mangi mmoja mwenye duka Kiboriloni, nikasema duka liko Himo. Mzee akanipa kiti, akaniagizia soda, akanishushia ndoo ya mafuta shilingi 4,000 ili nianze vizuri. Sikununua. Sasa kila nikipita ananiuliza, "Mwanangu, duka linaendaje?" Tena fomu inataka jina la aliyenihudumia, na nimesikia dada mmoja wa kaunta ameachishwa kazi. Na kuna siku za mvua nilishindwa kufika Himo nikajaza bei za wiki iliyopita, lakini hiyo ni mara mbili tu. Je, huu ndio upelelezi uliokatazwa? Pesa yake ni halali? Na nikiifanya Ramadhani, funga yangu inakuwaje?

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Nikiwa kijana nilisimama miaka kadhaa kwenye duka la baba mdogo pale Mbuyuni, na watu wa kazi yako tulikuwa tunawatambua kabla hilo jina la mnunuzi wa siri halijafika huku. Mnunuzi hasa huibonyeza sabuni, huinusa, huigeuza upande wa pili. Mpima bei haigusi. Anatazama kibandiko, halafu midomo inamcheza. Baba mdogo akimwona alikuwa anasema, "Mpeni karatasi huyo aandike, asije akasahau." Wengine walicheka wakaondoka, wengine waliandika kweli.

Nimelianza jibu kwa baba mdogo kwa sababu alichokifanya kinakaribia hukumu yenyewe. Allah amesema katika Suratul Hujurat, aya ya 12, tujiepushe na dhana nyingi, tusipelelezane wala tusisengenyane. Upelelezi unaotajwa pale ni kufukua aibu ambayo mtu ameisitiri. Inasimuliwa kwamba Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alipokuwa akizunguka usiku Madina alisikia sauti ndani ya nyumba akapanda ukuta, akamkuta mtu kwenye maasi. Yule mtu akamjibu kwamba kama yeye amemuasi Allah kwa jambo moja, Umar amemuasi kwa matatu: umepeleleza, umeingia kwa ukuta badala ya mlango, na umeingia bila idhini wala salamu. Umar akamwacha. Hapo palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta palikuwa na siri.

Bei haina ukuta. Muuzaji ameiandika mwenyewe akaibandika mbele ya rafu, au anaitamka kwa yeyote anayeuliza. Vituo vya mafuta huandika bei ubaoni barabarani, na kila mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo. Nani atasema dereva anayelinganisha vituo viwili amepeleleza? Na katika miji ya Kiislamu ya zamani kulikuwa na muhtasib, mtu wa serikali aliyepita sokoni akikagua mizani, vipimo na ubora wa bidhaa, na wanachuoni hawakuuita ukaguzi huo ujasusi. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alipita kwenye lundo la nafaka akaingiza mkono, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa watu waione, kisha akasema anayeghushi si katika sisi. Hadithi hiyo ameipokea Muslim.

Basi macho yako hayana kesi. Kesi iko kwenye ulimi, na kwenye ile fomu.

"Nafungua duka Himo" ni uongo, hauna jina jingine. Najua wako watakaokuambia useme kwa tauria, yaani maneno yenye maana mbili, wewe ukusudie moja na msikilizaji aelewe nyingine. Imam Nawawi ameeleza kwamba tauria inafaa pakiwa na maslahi ya kisheria au dharura. Isipokuwapo haja inachukiza, na ikitumika kuchukua batili au kuzuia haki inakuwa haramu. Ni mlango wa kutokea siku umebanwa, si mlango wa kuingilia kazini kila asubuhi. Na wewe hujabanwa hata kidogo. Sema, "Shikamoo mzee, leo naulizia bei tu." Nusu ya watu wanaopita Kiboriloni ndivyo wanavyosema. Mwenye duka pengine atanuna, pengine atakupa bei huku anaangalia pembeni, lakini hutakuwa umemdanganya na wala hutakuwa umejulikana. Sharti la kampuni ni usijitaje. Kunyamaza kunaruhusiwa. Kuzua duka ambalo halipo ni jambo jingine.

Huenda ukaulizwa na wenzako kama hii ni najash, ambayo Mtume ameikataza katika hadithi ya Bukhari na Muslim. Najash ni mtu kupandisha dau la kitu asichotaka kukinunua ili mwingine aingie mkenge anunue ghali. Wewe hujamwingiza mnunuzi yeyote hasarani, kwa hiyo si najash yenyewe. Ila nasaba yake ipo: wote wawili wamevaa nguo ya mnunuzi bila nia ya kununua. Kuuliza bei ukaondoka ni kawaida ya soko na hakuna dhambi. Kumkalisha mtu robo saa anakokotoa, anakupunguzia, anamtuma kijana stoo kuangalia kama mzigo utatosha, nawe unajua moyoni hutatoa hata senti, hapo umemla muda wake.

Tena tazama ulichokileta kutoka kwa yule mzee. Bei uliyoiandika haikuwa bei ya sokoni. Ilikuwa bei ya huruma, aliyopewa binti mmoja anayeanza maisha, na wateja wengine siku ileile walilipa 4,000 zaidi. Umeipeleka kwenye kampuni kama bei ya Kiboriloni. Uongo mmoja umemdhulumu mzee kwa upande huu, na upande wa pili umempa aliyekulipa habari isiyo sahihi. Ndiyo maana wale wanaokusanya bei kwa niaba ya serikali ili kupima mfumuko wa bei hujitambulisha wanapouliza, na bado kazi yao inafanyika. Ningekuwa mimi ndiye mwenye kampuni yako, ningelifikiria hilo kabla sijawafundisha mabinti hadithi za kusimulia.

Wala usijitetee kwamba mzee yule si Muislamu, eti kumdanganya si neno. Mtume alifariki deraya yake, yaani vazi lake la chuma la vitani, ikiwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri, kama alivyopokea Bukhari. Alikuwa na sahaba waliokuwa tayari kutoa vyote walivyonavyo, na bado alifanya muamala na yule Myahudi kwa masharti ya muamala. Ukweli wa biashara haugawanywi kwa dini.

Kuhusu picha nitasema kidogo. Duka ni mali ya mtu, na ukiingia umeingia kwa ruhusa yake. Akibandika kwamba picha haziruhusiwi, au mlinzi akakuambia, hilo ni sharti na huna haki ya kulivunja. Kuandika kwa kukariri hakujakatazwa na mtu, hata kama ni nyuma ya pampasi. Mlinzi kukunyang'anya simu nalo ni kosa lake, angekuomba ufute.

Sasa yule dada wa kaunta. Hapa inabidi ujue aliyekutuma ni nani. Kama ni mwenye duka mwenyewe anakagua wafanyakazi wake, ana haki hiyo, na kilicho bora ni awatangazie mapema kwamba wateja wa namna hiyo watakuja. Kama ni mtengenezaji wa bidhaa anayetaka kujua inauzwaje, jina la muuzaji linamhusu nini? Waulize, na kama hawana sababu, acha nafasi hiyo wazi. Ukilazimika kulitaja, wewe ni shahidi, na katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamia uadilifu tunapotoa ushahidi. Ushahidi kamili si namba peke yake. Kama dada alichukua 3,000 kwa kitu cha 2,900 kwa kuwa hakuwa na chenji akakupa pipi mbili, andika chenji na uandike pipi. Fomu ikionyesha "kazidisha 100" tu, bosi anasoma wizi. Hujui kama ni ripoti yako iliyomponza, na sikubebeshi mzigo kwa habari ya kusikia. Lakini fungua zile fomu zako ulizokwisha kutuma, uangalie ulichokiacha.

Umelitaja jambo la mvua kana kwamba ni dogo, "mara mbili tu". Binti yangu, katika yote uliyoniuliza hilo ndilo zito zaidi, na ndilo ambalo hukuliuliza. Wenye maduka umewaogopa, anayekulipa hukumwogopa. Allah anasema, "Ole wao wapunjao, ambao wakijipimia kwa watu hutaka watimiziwe, na wakiwapimia wengine hupunguza." Ulipokea malipo ya kilo nzima ukapima nusu, kwa sababu mizani ilikuwa mkononi mwako na Himo ni mbali. Ujira wa fomu za kweli ni halali yako, hata zile ulizozipata kwa taabu ya kujificha. Wa zile mbili si wako. Waambie kampuni hukufika, warudishie au uzifanye upya bila malipo. Naelewa kwamba ukilipwa kwa fomu na nauli ikitoka mfukoni mwako, kishawishi ni kikubwa. Hilo ni la kujadiliana nao kwenye mkataba, si la kujilipia kimyakimya.

Lipo jingine ambalo hukulitaja na nalazimika kuliweka. Ukigundua bei zako zinakusanywa ili wafanyabiashara wakubwa wakae wakubaliane kupandisha kwa pamoja, ondoka. "Wala msisaidiane katika dhambi na uadui," na Sheria ya Ushindani ya nchi hii ya mwaka 2003 nayo inakataza makubaliano ya namna hiyo. Kama ni kulinganisha tu ili waweze kushindana, hakuna ubaya. Mlaji ndiye anayenufaika.

Funga yako inasihi. Uongo hauwi sababu ya kulipa siku hiyo kwa kauli ya wanachuoni wengi, lakini thawabu ndiyo inayokwenda: Mtume amesema asiyeacha maneno ya uongo na kuyafanyia kazi, Allah hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Ukiacha ile hadithi ya Himo, zunguka na orodha yako Ramadhani nzima bila wasiwasi.

Amebaki mangi. Usibadilishe njia ili asikuone. Nenda asubuhi kabla wateja hawajajaa, umwambie, "Mzee, lile duka la Himo halikuwepo. Nilikudanganya, naomba unisamehe." Si lazima uitaje kampuni, ulichokiahidi kwao kibaki amana. Akikuuliza kwa nini, mwambie ilikuwa kazi na hutairudia kwake kwa namna ile. Anaweza kukasirika, vumilia. Kisha nunua kitu kwake, hata sabuni ya mche, kwa bei anayowauzia wengine, na ulipie na ile soda.

Wallahu a'lam.