Kifafa kinachokuja na hedhi

SWALI: Daktari, nina miaka 27. Natumia dawa ya kifafa, kabamazepini, miligramu 200 asubuhi na jioni. Naweza kumaliza wiki tatu sijambo, ila siku mbili kabla ya hedhi naanguka, pengine mara mbili. Mama mkwe anasema naruka dozi. Siruki. Je, mwili umeizoea dawa? Nina kijiti cha uzazi wa mpango mkononi.

JIBU: Dada, nakuamini. Wapo wanawake wengi wenye kifafa cha namna hii. Tafiti nyingi hutaja karibu theluthi moja.

Mwili wa mwanamke una homoni mbili: estrojeni huchangamsha seli za ubongo, projesteroni huzituliza. Projesteroni ikivunjwa mwilini hutoa kemikali inayofanya kazi palepale zinapofanyia kazi dawa za kutuliza kifafa, fenobabito na diazepamu. Siku chache kabla ya damu kutoka, projesteroni hushuka ghafla. Dozi yako ni ileile, ila ule utulivu wa mwili wenyewe umeondoka.

Chukua kalenda ya ukutani. Siku ya kwanza ya damu andika H, kila ukianguka K, na kila ukimeza kidonge tia alama, mama mkwe akiona. Fanya hivyo miezi mitatu. K zikijazana kati ya siku tatu kabla ya H na siku tatu baada yake, daktari wako ana pa kuanzia: anaweza kukuongezea klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, kwa siku hizo tu, au kupandisha dozi. Wengine huanguka katikati ya mwezi, yai linapopevuka. Usijiongezee mwenyewe, kabamazepini ikizidi utaona vitu viwili viwili na kuyumba kama mlevi.

Kijiti hukukiulizia, lakini ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Kabamazepini huliamsha ini livunje homoni haraka, sawa na dawa nyingine za kifafa, fenitoini na fenobabito. Kijiti na vidonge vya majira hupungua nguvu, na unaweza kushika mimba ukidhani umejikinga. Kitanzi cha shaba hakiguswi kabisa. (Kwa wanaotumia lamotrijini, nayo dawa ya kifafa, mambo hugeuka: vidonge vyenye estrojeni ndivyo vinavyoishusha dawa, hata karibu nusu, kisha wiki ya kupumzika vidonge inapanda tena.)

Nenda kliniki ya uzazi wa mpango wiki hii, na pakiti ya kabamazepini mkononi, uwaonyeshe kabla hawajakupa njia nyingine. Hadi hapo, kondomu.