Siku tatu mahabusu Dodoma, na wanataka "hela ya dhamana"

Pole, ndugu, umeandika kuwa polisi Dodoma wanadai hela ili wamwachie mdogo wako. Mdogo wako kushikiliwa siku tatu bila kufikishwa mahakamani si jambo la kuvumilia: akikamatwa bila hati ya kukamata, sheria inataka afikishwe ndani ya saa 24 au apewe dhamana, isipokuwa kosa ni la kunyongwa au mkuu wa kituo analiona ni zito.

Dhamana ya polisi haina ada. Nenda na kitambulisho cha taifa (NIDA) na barua ya mtendaji wa mtaa, uliza kosa na jina la mpelelezi, andika tarehe na saa. (Barua bila muhuri hurudishwa.) Mwambie mdogo wako asisaini maelezo asiyoyasoma.

Ukikwama, muone mkuu wa kituo, kisha mkuu wa polisi wa wilaya (OCD). Wakikaidi, tafuta wakili aombe Mahakama Kuu iamuru aletwe. Tume ya Haki za Binadamu ipo hapohapo Dodoma, ila haichunguzi kesi iliyo mahakamani.